Shamba la Msumarini

“Mama Mbula, sasa shamba lako ndilo hilo limetundikwa msumarini?”

Aketch alimwuliza Ndunge hivyo siku ya kwanza alipoingia chumbani kwake kuomba moto. Aliona kifurushi cha kitambaa kilichotota maji kikining'inia ukutani kama popo, na chini yake sufuria ikipokea matone. Aketch alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, mtu wa kucheka kabla ya kusalimu, na chumba chake kilipakana na cha Ndunge pale Majengo, Thika, ukuta wa mabati tu kati yao.

“Ndilo hilo,” Ndunge akamjibu. “Halina magugu, halina nyani, wala halingoji mvua ya Machi.”

“Na mavuno ni lini?”

“Kesho kutwa, Mungu akipenda. Uje na sahani.”

Aketch alikwenda akalisimulia swali lake kila mahali, na haukupita mwezi Ndunge akawa na jina jipya. Akipita bombani na ndoo yake akina mama wangesema, “Huyo, mwenye shamba la msumarini.” Naye angecheka pamoja nao. Baadaye, mambo yalipoharibika, alikuja kulikumbuka swali lile la Aketch na kuliona zuri, kwa maana katika maswali yote aliyoulizwa juu ya mbegu zake, hilo peke yake halikuwa na ndoana ndani.

Ndunge alizaliwa upande wa Ngoliba, kwenye joto na mawe, na ndengu alizijua kabla hajajua kutembea. Lakini kwao ndengu zilichemshwa na mahindi, basi. Ndengu iliyonyeshewa na mvua ikaota mkia ilikuwa imeharibika, chakula cha kuku. Aliyemfundisha vingine ni bibi mzee wa Kihindi, mama wa mwenye duka ambako Ndunge alifua nguo tangu mumewe Mulei alipofariki mwaka wa arobaini na tisa, vumbi la mkonge likiwa limemkaa kifuani. Wajukuu walimwita yule mzee Ba, na Ndunge naye akamwita Ba. Kiswahili cha Ba kilikuwa maneno ishirini hivi, lakini mikono yake ilisema mengine yote.

Kazi yenyewe ilitaka uangalifu, si nguvu. Kwanza unazichagua ndengu kwenye uteo, unatoa changarawe na zilizotobolewa na wadudu. Jioni unaziloweka. Asubuhi unatazama tena: zilizokunywa maji zimenenepa, na zile sugu, zilizokataa maji, bado ni ndogo na ngumu kama risasi. Sugu unazitoa, maana zitakuvunja jino. Na iliyooza ukiiona, hata moja, unaitoa upesi kabla haijaambukiza nyingine. Kisha unazifunga kwenye kitambaa safi, na Ndunge alitumia mfuko wa unga uliofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Unatundika, unanyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili kila punje imepasua koti lake na kutoa mkia mweupe. Ukizipika na kitunguu na chumvi, zisikae motoni sana, zinalia mdomoni kama tango changa.

Wakati wa kunyunyizia maji, Ndunge aliomba. Asubuhi alimwombea binti yake Mbula, aliyeolewa Ruiru. Mchana aliwaombea wagonjwa. Jioni alimwombea Nduku.

Huyu Nduku walibatizwa naye siku moja, wakasimama bega kwa bega na nywele zikitiririka maji. Usiku Mulei alipokata roho, Nduku ndiye aliyeshika taa. Kanisani Nduku ndiye aliyeanzisha nyimbo za akina mama. Sauti yake ilipanda juu kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo, na Ndunge akaipokea kwa ile ya chini. Hawakuzaliwa nyumba moja, lakini Nduku alimwita “mwiitu wa mwaitu,” yaani binti ya mama yangu. Akiingia kwa Ndunge hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja msumarini, akafungua kifurushi, akachota ndengu mbichi kwa vidole vitatu na kuanza kutafuna kabla ya salamu.

Mwaka wa hamsini na sita, siku moja baada ya Pasaka, Nduku aliingia asiende msumarini. Alikaa kitandani.

“Kanini hali kitu,” akasema. Kanini alikuwa mjukuu wake wa miaka miwili, aliyeachiwa na binti yake marehemu. “Surua imetoka, lakini mdomo umebaki vidonda vitupu. Uji nikimpa anatema. Kuna mama tulikutana naye dispensari, akaniambia uji wa wimbi lililoota ni mtamu wenyewe, tena mwepesi, mtoto haukatai. Na mikono ya kuotesha ni yako, mwiitu wa mwaitu. Mimi nikiotesha huoza.”

“Nduku, wimbi likiota unajua linaitwaje.”

“Linaitwa kimea. Na kisu kinaitwa kisu hata kikikata mkate.”

“Wazee wa kanisa hawatauliza mkate.”

“Basi tumzike Kanini, wazee wafurahi.”

Kwa watu wa kwao Ndunge, na kwa Wakikuyu waliowazunguka vilevile, wimbi halikuoteshwa kwa jambo lingine ila pombe. Baba yake mwenyewe aliotesha. Ndunge alikua akiijua ile harufu tamu ya wimbi lililoamka chini ya gunia bichi, na alijua pia kilichofuata: kelele, na mama yake akikimbilia kwa jirani na mtoto mgongoni. Kanisa lilipowaambia waumini wasiiguse pombe, wasiipike, wasiiuze, wala wasiipe nyumba, Ndunge hakuona kuwa ni sheria ngumu. Aliiona kama mlango uliofungwa vizuri.

Hata hivyo mtoto alikuwa mtoto. Aliloweka kikombe kimoja cha wimbi, akalitandaza kwenye uteo, akalifunika gunia la maji. Siku ya tatu mizizi ilikuwa imeshikana kama nywele za mzee. Akalianika juani, akalisaga kwa mkono, akapika uji mwenyewe na kuupeleka. Kanini alikunywa nusu bakuli, akalala, akaamka akaomba tena. Nduku alipiga magoti pale pale kando ya jiko akalia, na Ndunge naye akapiga magoti. Hakuona dhambi yoyote ndani ya bakuli lile.

Wiki iliyofuata Nduku aliomba kibaba. “Amezoea. Uji mwingine hataki kuuona.”

Baada ya hapo vibaba viwili. Halafu siku moja akaja na wimbi lake mwenyewe, nusu debe, amelibeba kichwani.

Ndunge aliangalia lile debe. Alikuwa mtu wa kuangalia. Pale Majengo aliijua miguu ya kila mpangaji kwa mlio wake kwenye kokoto. “Nduku, Kanini anakunywa uji wa nusu debe?”

“Aiya! Unamhesabia mtoto uji?” Nduku alicheka, akachota ndengu zake msumarini. “Si napelekea na wale watoto wa dada yangu kule kambi ya mkonge. Wanne, na wote matumbo kama ngoma. Utapata thawabu, mama, kwa nini unakunja uso?”

Ndunge akaikunjua sura. Siku nyingine alisikia harufu kwenye shuka la Nduku, ile harufu ya utotoni, si ya kimea tena, ila ya kimea kilichokwenda mbali zaidi. Alijiambia kuwa njia ya kambi ya mkonge inapita penye walevi. Macho yaliona, moyo ukayaambia yanyamaze. Hakuchukua hata senti kwa kazi ile. Ilikuwa ya mtoto.

Mwezi wa Agosti ilimfikia habari aliyoiombea miaka. Bweni la wasichana la kanisa pale Ruiru lilihitaji mpishi, mwanamke mzima, mjane akipatikana, na chumba cha kulala kilikuwa palepale nyuma ya jiko. Kutoka bwenini hadi shamba la kahawa alikokaa Mbula ilikuwa nusu saa kwa miguu.

Ndunge alipanda gari la moshi Jumamosi, akiwa na kikapu na ndani yake kifurushi cha ndengu zilizokuwa zikiota njiani. Mume wa Mbula, Kiilu, alikuwa mtu wa mashine ya kumenya kahawa, na walikaa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi. Mbula alikuwa na mimba ya miezi sita. Alitembea ameshika kiuno, mzito, akiwa na uoga ambao mama yake aliuona kabla hajafika karibu.

Walikuwa wamezaliwa wawili kabla ya huyo. Wa kwanza aliishi saa tatu, wa pili siku nne. Mara zote mbili habari ilimfikia Ndunge Thika udongo ukiwa umeshakauka.

Mbula alikula ndengu sahani nzima, kisha akalamba kidole. “Mama, mara hii usiwe mbali.”

“Siwi mbali. Mwalimu mkuu amesema nafasi ni yangu. Anataka barua tu, ya wazee wa Thika, kwamba mimi ni mshirika kamili na sina neno. Mpaka mwisho wa mwezi.”

“Na wakichelewa?”

“Wazee gani wa kuchelewesha barua yangu? Nimefagia kanisa lile miaka kumi.”

Bila kazi Ruiru hakuwa na njia nyingine. Ile ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mlangoni mwa shamba nyapara alisimama na daftari, na mgeni asiye na karatasi ya kazi aliruhusiwa kulala usiku mmoja, asubuhi atoke.

Mara tatu kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa alipita nyumba kwa nyumba. Alikaa, akauliza habari za maombi na za ugomvi, kisha akampa kila mshirika kadi yake. Bila kadi huwezi kuketi mezani. Jumanne iliyofuata Mzee Mbaluka alipita Majengo. Alikuwa mrefu, mpole, amevaa koti la kijivu kiangazi na masika. Alimkuta Ndunge akifua nje, akamsalimu, akaweka kadi mkononi mwake.

“Na lile jambo lako la Ruiru,” akasema, akiingiza mkono ndani ya koti, “mchungaji ametia sahihi jana.” Bahasha ilitoka nusu mfukoni. Ndunge aliiona kona yake nyeupe.

Hapo mzee akatazama nyuma yake. Juu ya gunia, juani, kulikuwa na wimbi la Nduku limetandazwa, nusu debe, mizizi imeshikana, likikauka.

Mzee Mbaluka aliinama, akachota kidogo, akanusa. Naye alikuwa na baba aliyeotesha.

“Hiki ni nini, mama?”

“Kimea cha uji, mzee. Cha Kanini, mjukuu wa Nduku, na watoto wa dada yake.”

Mzee alikirudisha kimea mahali pake taratibu, akapangusa vidole kwenye koti, akasukuma bahasha mpaka kona ile nyeupe ikamezwa. “Jumapili polisi walivunja mitungi ya pombe kambi ya mkonge. Wanawake watatu wamefungwa. Mmoja alisema kimea kinatoka Majengo, kwa mama wa kanisa. Mimi nilimwita mwongo.” Akavaa kofia. “Alhamisi, saa tisa, barazani.”

Ndunge hakungoja nguo zikauke. Alikwenda kwa Nduku, akamkuta akimsuka Kanini nywele, akamweleza. Nduku aliacha kusuka.

“Umewaambia nini?”

“Ukweli. Kwamba ni cha uji. Alhamisi uje uuseme mwenyewe, wakusikie.”

“Nitakuja,” Nduku akasema. “Nisipokuja mimi nani atakuja?” Akaendelea kusuka, lakini alikuwa akilisuka fungu lile lile alilokwisha kulisuka.

Baraza lilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Walikuwepo Mchungaji Zacharia, mtu wa Kiambu mwenye miwani, Mzee Mbaluka, na Mzee Nzau aliyekuwa na masikio mazito. Mezani waliweka vitu viwili: karatasi yenye kimea, na kifurushi cha ndengu ambacho Mzee Nzau alikuwa ametumwa kukitoa msumarini kama ushahidi. Kilikuwa kimetota, kikadondoka juu ya kitabu cha kumbukumbu.

“Hii nayo inatoa pombe gani?” Mzee Nzau akauliza kwa sauti kubwa.

“Inatoa mboga, mzee.”

“Eeh?”

“Mboga! Ni ndengu.”

“Ndengu zina mikia?” Akazitazama kwa karibu. “Miaka sitini nimekula ndengu, mkia sijauona. Mbegu ikioteshwa nyumbani mwa mtu, mama, ni pombe. Hilo hata mtoto wa ng'ombe anajua.”

“Onja, mzee.”

Mzee Nzau akasukuma kiti nyuma kana kwamba amepewa kiroboto.

Ndunge alieleza yote, tangu Ba mpaka kikombe cha kwanza, mpaka debe. Alitaka waite Aketch, lakini Aketch alikuwa wa dini nyingine. Ba hata Mkristo hakuwa. Ndipo akaitwa Nduku, na Ndunge alipomwona akiingia na kitambaa cheupe kichwani, mabega yake yalishuka mara ya kwanza tangu Jumanne.

Nduku hakuketi. “Ni kweli nilimwomba,” akasema akitazama meza. “Kikombe kimoja. Mtoto alikuwa mgonjwa.”

“Na debe?” mchungaji akauliza.

“La debe silijui, mchungaji. Mimi nilichukua mara moja. Nilipoona anaendelea kuotesha nilimwonya. Nilimwambia, dada, haya yatakuletea maneno.”

Kifurushi kilidondosha tone, kikadondosha lingine. Ndunge alimtazama yule mwanamke kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake mwenyewe uliokataa kufunguka.

“Nduku,” akasema.

Walipomtoa Nduku, Mchungaji Zacharia alivua miwani. Alizungumza kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyokuwa mbaya. “Mama, hatutaki kukupoteza. Kuna njia. Jumapili, mbele ya Meza, simama ukiri kwamba uliuza kimea cha pombe, na utubu. Mwenye kutubu ni mzima, hata kuliko jana. Utashiriki siku hiyo hiyo, na barua ya Ruiru nitakupa kwa mkono wangu. Usipokiri, tutakutenga mwaka mmoja, na barua haitakuwepo.”

“Nikiri nilichofanya ama ambacho sikufanya?”

“Fikiri, mama. Una siku tatu.”

Jumamosi mchana alikuwa akichagua ndengu za Mbula zilizolala majini aliposikia miguu kwenye kokoto, akaijua. Nduku hakubisha hodi hata leo. Alisimama ndani ya mlango.

“Kiri tu,” akasema.

Ndunge aliendelea kuchagua.

“Neno moja, mwiitu wa mwaitu. Jumatatu uko Ruiru, na huko nani anajua? Mimi nikisema, polisi wanakuja. Ni miezi mitatu ndani. Kanini nimwachie nani? Hana mtu.”

“Tangu lini unauza kimea, Nduku?”

“Tangu mara ya pili.”

“Na ya kwanza?”

“Ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Kweli ya Mungu, ilikuwa ya mtoto.”

Ndunge aliliamini, na ndilo lililomuuma kuliko mengine. Kama yote yangekuwa uwongo angeweza kuyatupa yote. Sasa alikuwa na bakuli moja la kweli, nusu bakuli la uji, na wale wanawake wawili wamepiga magoti kando yake.

“Ulisema ulinionya.”

“Ulimi uliteleza.”

“Ulimi hautelezi mahali pakavu. Ulikuja umekwisha kuulowesha.”

“Si uniseme basi! Nenda kwa mchungaji, nenda polisi!” Nduku akawa analia. “Wewe Mbula wako ana mume. Ana mtu.”

“Mbula amezika wawili bila mama yake.”

Nduku akapangusa uso. Akaja hatua mbili mpaka kwenye uteo, na bila kuangalia mkono wake unafanya nini, akachota ndengu kwa vidole vitatu, akatia mdomoni. Alitafuna. Kisha akajiona. Alisimama na mdomo umejaa, hawezi kumeza, hawezi kutema, akatoka hivyo hivyo.

Siku nzima ile Ndunge alilipima neno moja. Angeweza kulisema. Wasichana wa bweni wangekula, Mbula angejifungua mama yake akiwa nusu saa mbali. Kisha aliiangalia mikono yake. Mbele ya Meza, aseme uwongo, na baada ya miezi mitatu aipeleke mikono ile ile ikampokee mtoto? Aliomba mpaka magoti yakafa ganzi. Kwa polisi hakwenda. Kanini alikuwa amekunywa uji wake; hangeweza kumnywesha gereza. Aliamua jambo moja: kesho atampa Nduku nafasi ya mwisho, mbele ya watu wote, na hatamsaidia kuikataa kwa kukiri uwongo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Ndunge aliweka kikapu chini ya benchi, na ndani yake kifurushi cha ndengu, mikia ndiyo kwanza inatoka. Ibada ikiisha angekwenda Ruiru, iwe kwa usiku mmoja ama kwa miaka. Akina mama wa benchi lake walisogea kidogo, wakijifanya wanapanga watoto. Mbele, juu ya kitambaa cheupe, mkate na vikombe vilikuwa vimefunikwa. Bahasha ilikuwa ndani ya kitabu cha mchungaji, imetoa kona.

“Kabla hatujakaribia,” Mchungaji Zacharia akasema, “kuna mama mwenzetu ana neno. Mama Mbula, simama mbele. Je, unakiri?”

Ndunge alikwenda mbele, kikapu mkononi kwa kuwa hakutaka kukiacha. Alisimama kando ya Meza, akageuka. Nduku alikuwa benchi la kwanza, mahali pa mwanzishi wa nyimbo, Kanini mapajani. Mtoto alikuwa amenenepa. Alimwona Ndunge akacheka, akamnyoshea mikono.

“Nduku,” Ndunge akasema, na sauti yake ilifika mpaka madirishani, “Kanini alikunywa uji wa nusu debe?”

Mtu nyuma alicheka kwa pua, akanyamaza. Mzee Nzau alimwuliza jirani yake amesemaje. Mzee Mbaluka aliinua kichwa polepole akamtazama Nduku, akamtazama mtoto, kama mtu anayeanza kupiga hesabu aliyopaswa kuipiga Jumanne.

“Mama Mbula,” mchungaji akasema, “nimeuliza wewe.”

Ndunge hakumgeukia. Alingoja. Midomo ya Nduku ilifunguka, na kwa kitambo kifupi Ndunge aliamini, kwa moyo wote, kama alivyoamini kila asubuhi akifungua kitambaa kwamba mikia itakuwa imetoka.

Nduku akaanzisha wimbo.

Sauti ilipanda kama kawaida yake, nyembamba, safi. Akina mama waliipokea kwa mazoea, benchi kwa benchi, kwa maana Nduku akianzisha ndivyo wafanyavyo. Nafasi ya sauti ya chini ilikuwa wazi, ikimngojea mwenyewe. Koo la Ndunge lilijaribu kuingia. Miaka kumi ni mingi. Akalifunga.

Alitoa kadi yake kifuani akaiweka juu ya kitambaa cheupe, kando ya mkate. Bahasha hakuitazama. Akakiinua kikapu, akapita katikati ya mabenchi na ya wale wanaoimba, maji ya ndengu yakidondoka sakafuni nyuma yake mpaka kizingitini, akatoka.